Mchimbaji Chini ya Kioo

Jumatatu, 3 Juni
Bado nakwangua rangi ya zamani. Mikono inanuka tina ya kuyeyushia rangi. Mashine yenyewe ni ya mchezo wa gololi ya chuma: unaipiga kwa vibao viwili, inagonga huku na huku chini ya kioo. Ndani kuna sanamu tatu: simba, mcheza ngoma, na mchimbaji mwenye taa kofiani. Bundala ameinunua Mwanza kwa ajili ya baa yake mpya ya Segese. Anataka sanamu zipakwe upya na ziwake.

Bundala huyuhuyu. Mwenye duara, shimo la dhahabu, lililomfukia pacha wangu Kulwa. Alisimamisha uokoaji kabla hawajamfikia, akasema udongo utaua na wengine. Kisha akafungua duara jingine pembeni. Mwili hatukuupata.

Nimeikubali kazi ya Bundala. Siku hizi mabango yote yanachapwa kwa mashine, hakuna anayemwita mchoraji. Najichukia.

Jumatano, 5 Juni
Simba amekwisha. Mcheza ngoma pia, kasoro shanga. Balbu zilikuwa zimeungua zote. Nimeweka taa ndogo za pikipiki na waya mpya. Gololi ikigonga sanamu, inawaka. Safi.

Bundala alipita hapa Nyahanga kukagua. Akasema, "Doto, mchimbaji mpake anatabasamu. Watu wanakuja kustarehe."
Nikamjibu sawa, bosi. Sawa, bosi! Ningemmwagia kopo la rangi.

Ijumaa, 7 Juni
Mchimbaji. Uso ulikuwa umelika wote. Picha nzuri ya Kulwa hatuna, nikatumia kioo. Nilijitazama mpaka nikachoka kujiona. Halafu nikaongeza kovu lake la kwenye nyusi, ambalo mimi sina. Hapo akawa yeye.
Hatabasamu.

Jumamosi, 8 Juni
Ufunguzi. Baa ilijaa wachimbaji. Mmoja akapiga gololi, taa ikawaka, akaacha kucheza. Akawaita wenzake. Mzee mmoja akainama kwenye kioo.
"Huyu si Kulwa?"
Mmoja akavua kofia.

Bundala akanivutia stoo. "Umenifanyia nini? Kesho uje umfute."
"Mfute mwenyewe. Kumfukia uliweza."
Akatoka. Nilidhani wale wenzake Kulwa watasema neno, watatoka, watavunja hata chupa. Wapi. Bundala aliagiza bia kwa meza zote. Muda si mrefu wakawa wanagombania zamu ya kucheza.
Hao ndio Kulwa aliokuwa anakula nao.

Jumapili, 9 Juni
Mama amezisikia habari kanisani. Akasema, "Nipeleke nikamwone." Nikamwambia ni sanamu tu, Mama. Alikuwa ameshavaa viatu.

Tumechelewa. Bundala alikuwa amempaka mchimbaji rangi nyeusi ya geti, uso na taa pia. Simba anawaka, mcheza ngoma anawaka, katikati pamebaki kitu cheusi. Mama akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo.

Bundala akaja, kichwa chini. "Shikamoo, Mama."
Mama hakuitikia. Sijawahi kumwona akiacha shikamoo ya mtu ikining'inia. Akarudia, "Shikamoo, Mama Kulwa." Kimya. Baa nzima ilisikia kimya hicho. Mama akajifunga kitenge vizuri, tukaondoka.

Njiani hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya bodaboda, kama mtoto.

Jumanne, 11 Juni
Hakuna kazi. Upepo na vumbi tu. Nimetengeneza mlango wa banda la kuku.
Mchana Mama amepika michembe ya viazi vitamu. Akaniita nikale. Akaniita Kulwa. Akatulia, mwiko mkononi.
Nimeitika. Nikaenda kula.