Jani Halikucheza

Shangazi,

Leo nimesoma tangazo mbele ya watu, na jani halikucheza.

Ninajua ungetaka kwanza habari za ng'ombe. Chelel amezaa ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji. Mama humkamua akiimba nyimbo zako za kanisani, lakini anazikosea, na Chelel anampiga teke. Sasa nikueleze yangu.

Unakumbuka aibu niliyoipata kituoni, pale wakulima wanapouzia majani ya chai. Tangazo lilisema wang'oe magugu yote shambani. Mimi, kwa ulimi wetu huu wa Kipsigis usiotenganisha g na k, na woga wangu, nikasoma "makuku". Mzee mmoja akauliza, "Karani, makuku ni kuku kubwa? Tung'oe na mizizi?" Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukashika mlango. Meneja hakucheka. Alisema nikiharibu tangazo lingine, kazi atampa mtu mwingine.

Chuoni mwalimu alikuwa akinifanya nirudie neno moja mpaka koo linakauka, na nilichokariri ni kosa lenyewe. Wewe ulichuma jani changa la chai, ukalishika mbele ya midomo yangu. "Sema magugu. Likicheza, umepuliza k, unaenda kumleta Chelel." Halafu zamu yako. Jani lako lilicheza kila jioni, nawe ukaenda kumfuata ng'ombe ukilitukana. Nilikucheka mpaka nikasahau kuogopa, na ulimi ukajinyoosha wenyewe.

Hukungoja mkutano wa leo kituoni; tulikuzika kabla yake. Hilo niliache hapo.

Leo asubuhi nilipita shambani kwako, nikachuma jani, nikalibana kwa pini juu ya karatasi ya tangazo, karibu na mdomo. Nikasoma: bei, dawa, mbolea, magugu. Jani likatulia tuli. Yule mzee akasema, "Basi kuku zetu zimepona." Kituo kizima kikacheka, nami nikacheka nao. Meneja amesema nibaki.

Mjukuu wako Chepkoech ameanza kuongea Kiswahili. Nitamfundisha kwa jani, si kwa fimbo, na nikishindwa nitaenda mimi kwa ng'ombe. Hiyo nakuahidi.

Pumzika, Shangazi. Ofisini wananiita Benard, na ninaitika. Wewe hukuwahi kuipata hiyo b hata siku moja, na hakuna mtu atakayekusahihisha.

Ni mimi,
Penat wako