Mti wa Muumba Ulitoka Wapi

Dandora, Nairobi
14 Machi 1981

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Naomba mgongo uwe umekupa nafuu na Mama awe hajambo. Mimi ni mzima, ila nimechoshwa, tena nimechoshwa kabisa.

Ile riwaya yangu ya nchi ya kubuni, yenye ndege wanaosema na milima inayotembea, imerudishwa mara ya tatu. Mhariri, Mzee Caleb, alisomea upadri akauacha, lakini upadri haukumwacha. Kisa ni sura ya kwanza, ambapo Muumba anachonga dunia kutoka gogo la mpingo, kama unavyochonga wewe hapo Wamunyu. Caleb akaniuliza mti ulitoka wapi. Nikamwambia ulikuwepo tu. Akasema wanafalsafa wa Kanisa walishalikata shauri hilo miaka mia saba iliyopita: Mungu aliumba bila kitu chochote mkononi, na kila anayebuni dunia hadithini, apende asipende, atawajibu wazee hao. Jamani! Hii ni hadithi, si katekisimu!

Nikaandika kwamba mti ulijiotea. Akauliza, na mbegu je? Nikaleta jini mwovu aliyeuleta. Hapo ndipo aliponimaliza. Alisema wazee wale walifundisha kwamba uovu si kitu, hauwezi kuleta hata kijiti. Ni pengo tu, pale wema ulipotakiwa kuwa. Nilikusanya karatasi zangu nikatoka bila kuaga. Irungu, ninayekaa naye chumba kimoja, amenikataza kuitaja riwaya hiyo akinywa chai.

Lakini Baba, hasira yangu ni kwamba jibu ninalo. Tangu nisikie neno pengo, naona mpaka wa shamba letu na la Baba Mdogo Matheka, pale ulipokuwa mpingo. Miaka kumi na mmoja hamsalimiani, kwa kuwa uliamini aliukata yeye. Hakuukata. Niliukata mimi, kwa shoka lako, siku mlipokwenda wote kanisani. Yule ndovu wangu wa kwanza kuchonga, aliye juu ya redio yako, uliyewaonyesha majirani ukisema mikono yangu imebarikiwa, hakutoka kwenye gogo la kuokota mtoni. Nilikudanganya. Nisamehe.

Kabla hata ya kunijibu, nakusihi umchukue ndovu huyo umpelekee Baba Mdogo. Mwambie mti ulitoka wapi.

Nisalimie Mama na dada Kanyiva. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mwanao,
Mativo