Mililita Moja ya Mama

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi Koboko na chupa mpya ya mofini, dawa ya maumivu, kutoka Arua. Hii ni nyekundu. Ya kijani haimtoshi Mama tena, saratani imefika mgongoni. Sista Candiru, nesi anayewatembelea wagonjwa nyumbani, amesema ya kijani alikuwa akinywa mililita kumi; nyekundu ni moja tu, kila baada ya saa nne. Moja ina nguvu ya zile kumi. Ipimwe kwa sirinji isiyo na sindano. Nilidhani amekosea. Nikamuuliza tena, akacheka.

Mama kaitazama kwa dharau. Huyo ni binti wa mwanajeshi. "Hii iko ya kunywesha ndege," akasema.

Jumatano, 12 Machi
Subhanallah. Mama amelala bila kulia. Asubuhi kaketi mwenyewe, akaomba mafuta ya nywele! Nimeinua sirinji dirishani nikaikodolea macho kama mjinga. Kitu kidogo hivi kinaingiaje ndani ya mtu mzima na kuyakuta maumivu yalipojificha? Naipenda. Naiogopa pia.

Alhamisi, 13 Machi
Nafuu imeleta balaa. Sasa anataka kufunga. "Ramadhani iko napita, mimi nalala tu kama gogo?" Nimemwambia mgonjwa ana ruhusa. Sista amekataa kwa simu. Sheikh wa mtaa naye amekataa. Mwishowe Mama akasema, "Haya."

Mama hasemi "haya" kirahisi. Mimi nikajiona mshindi.

Kesho ni siku kubwa sokoni, viatu vya mitumba havijiuzi. Nitamwachia uji na sirinji tatu za mchana, zimeshapimwa.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika kwenye benchi la hospitali. Herufi zinanikimbia.

Nilirudi karibu na magharibi. Bakuli tupu, nikafurahi. Kumbe uji wameunywa kuku. Adhana ikalia, nikampa dawa yake ya jioni, nikaenda kuswali. Kurudi, nakuta sirinji tatu tupu juu ya shuka. Alizificha chini ya mto mchana kutwa. Akaniambia kwa fahari: "Swala kama imepita si unalipa? Na dawa nimelipa yote."

Nne kwa mpigo. Kila moja niliipima mwenyewe, sawasawa kwenye mstari.

Kabla ya isha akawa haamki vizuri. Pumzi inakuja, inakaa, inachelewa. Nikampigia Sista. "Leta yeye hospitali sasa hivi. Ita jina yake njiani, usinyamaze!" Jirani akawasha gari. Nimeita Rehema, Rehema, njia nzima. Maishani sijawahi kumwita Mama kwa jina lake. Nilisikia aibu na bado nikaita.

Wamemwingiza ndani. Mungu wangu, usimchukue kwa mkono wangu.

Jumamosi, 15 Machi
Yu hai. Alhamdulillah.

Jana waliniruhusu niingie. Daktari alikuwa na dawa ya kuipinga mofini mwilini. Nilitaka ampe chupa nzima. Nilipiga kelele, sioni haya kusema. Akakataa. Ikiingia yote kwa pamoja, alisema, maumivu nayo yatarudi yote kwa pamoja. Akaizimua kwa maji ya dripu. Akasukuma kidogo sana. Akangoja, akihesabu pumzi. Kidogo tena. Akangoja. Nilitamani kumpiga.

Kisha kifua cha Mama kikapanda. Kikashuka. Kikapanda bila kuchelewa. Midomo ikarudi rangi yake. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema tangu utoto. Sikujua hujaza hata mtu pumzi. Nimeswali miaka yote hii, lakini unyenyekevu nimeuonja jana, nikitazama maji yasiyojaa hata kijiko.

Leo Sista amekuja. Hakugomba. "Mama, hii dawa hapana ya kulipa. Saa yake kama imepita, imepita. Ngoja ingine." Mama akageukia ukuta. Hajasema "haya".

Jumatatu, 17 Machi
Tuko nyumbani tangu asubuhi. Sikwenda sokoni.

Saa nane mchana, saa ya dawa. Mtaa wote umefunga, hakuna hata moshi wa jiko. Mama akaniomba nifunge mlango, majirani wasimwone akimeza mchana. Nikafunga.

Nikavuta dawa. Mkono ukaanza kutetemeka, sirinji ikawa inacheza, mstari siuoni. Nikairudisha dawa kwenye chupa. Nikavuta tena. Vilevile. Nikasema siwezi, Mama, nimuite Sista.

Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake ni mifupa mitupu siku hizi. Akakishikilia mpaka kikatulia.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Moja.

Akafungua kinywa.