Mlango wa Pili, Nyuma ya Kanisa

Atupele mwenzangu,

Keti vizuri huko uliko, maana nina habari na sitaki unikatize kama kawaida yako. Nimeacha pombe. Ndiyo, mimi, Tupokigwe wa Kinyala, ambaye nikikosekana kilabuni mlikuwa mnauliza kama nimekufa. Uliyekufa ni wewe, na kwa hilo bado sijakusamehe.

Unakumbuka pale wodini uliponishika mkono ukasema, "Lusu wangu usimwache"? Nilikubali huku nanuka. Basi siku ya kuanua tanga nikasimama mbele ya ndugu nikamwomba mtoto. Mama yako akaniangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili, akasema, "Pombe imeshanichukulia binti. Mjukuu siipi." Akaondoka na Lusu kwenda naye kwake Masoko. Nilimchukia mama yako, Atupele, na wiki ile nilikunywa kuliko wiki zote.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeniambia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe. Wanakutana Jumamosi mchana pale mtaa wa Bagamoyo, mjini kwetu Tukuyu, nyuma ya kanisa. Nikaoga, nikavaa kile kitenge chako cha maua (nilikichukua, usinune), nikaenda hivyo hivyo na mvua. Kule nyuma kuna milango miwili. Nikasukuma wa kwanza. Watu wamekaa duara, wametulia, mwenyekiti amesimama. Nikasema moyoni, ni hapa.

Mwenyekiti akanikaribisha vizuri tu. "Karibu dada. Jitambulishe, halafu tuambie umetuletea nini."

Nikasema nimeleta pombe. Nimeinywa tangu usichana, imemmaliza rafiki yangu, nataka kuiacha nipewe mtoto wake nimlee. Nikaeleza ulivyovimba tumbo na macho yako yalivyogeuka manjano. Nililia mpaka kamasi. Kisha mama mmoja akasema taratibu, "Dada yangu, sisi ni kamati ya harusi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kurudi kinyumenyume, lakini mwenyekiti akasema, "Ngoja kwanza. Hapa kila anayetoa ahadi anapigiwa makofi." Wakasimama wote wakanipigia makofi, na vigelegele juu. Kisha yule mama akanishika mkono mpaka mlango wa pili, na alinishika kweli, kama mwizi wa kuku. Peke yangu ningekimbia.

Humo ndani nani nimkute? Msimamizi wetu wa shamba la chai, yule aliyetufokea kila asubuhi kwa kuchelewa. Kumbe ni mwenzetu, aliacha zamani. Akanimiminia chai akasema, "Kiti chako kilikuwa kinakungoja, Tupokigwe."

Sikudanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Mikono ilitetemeka hata kuchuma chai nikashindwa, na usingizi ukanihama. Halafu kwetu huku utaikimbilia wapi pombe? Msibani ipo, ubatizo ipo, ukimsaidia mtu kulima ipo. Kwenye msiba wa jirani wakaniletea kimpumu, ile pombe ya ulezi uliyoipenda, na unajua kwetu kukataa mrija wa mwenzako ni kama kumwambia katia sumu. Mate yalinijaa. Msimamizi alikuwa amekaa pembeni yangu na chupa yake ya chai. Tukanywa chai yetu wawili, wenzetu wakatucheka mpaka wakachoka. Kesho yake mmoja wao akaja kuniuliza kile kikundi kinakaa wapi. Nikamwambia mlango wa pili, usije ukamchangia mtu harusi.

Sasa sikiliza. Habari zangu zilimfikia mama yako, na Jumamosi iliyopita akaingia kikundini. Ameloa, amejitanda kanga, hakusalimia mtu. Akakaa kiti cha nyuma akasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Zamu yangu ilipofika nikasema kama ninavyosema siku zote, na jina lako nikalitaja mbele yake. Tulipotoka akanivuta akanikumbatia. Nikadhani ni upendo, kumbe ananinusa. Akanusa upande huu, akanusa na upande ule, bila haya. Ndipo akasema, "Twende tukamchukue. Nimemwacha na begi lake dukani kwa shangazi yake hapo chini. Sikumwambia tumekujia nini, maana ungenuka pombe ningerudi naye."

Nilipiga magoti kwenye tope, nikasema ndaga fijo, asante sana, ndaga fijo, mpaka akaniambia ninyanyuke naharibu kitenge. Furaha ya siku ile, Atupele, kilabu chote kile hakijawahi kunipa.

Jana nilikuwa namsuka Lusu kwa ajili ya shule, akaniuliza mama yake aliuawa na nini. Nikamwambia kweli, pombe. Akanigeukia, nywele zake zikiwa mkononi mwangu. "Na wewe, mama mdogo, utakufa hivyo hivyo?" Nikamwambia mimi nitakufa kikongwe, meno yote yameisha, na yeye ndiye atakayenitafunia nyama. Akacheka kwa pua, vilevile ulivyokuwa unacheka wewe, mpaka nikashindwa kumaliza mstari.

Kwaheri, mwenzangu. Pumzika sasa, nami nakuahidi: mtoto huyu hatazika mama wa pili kwa sababu ya pombe.

Wako,
Tupokigwe