Paa la Achieng'

Jumanne, Aprili 1996

Kumbe kushinda ni hivi. Leo barazani chifu ametangaza kwamba mjane asilazimishwe tena kurithiwa na shemeji. Wajane wa kikundi chetu tulipiga vigelegele. Achieng', kiongozi wetu, alilia. Nikadhani ni furaha.

Njiani akaniambia, "Dada, shemeji Oduor anakuja kesho kuniezekea nyumba."

Nikasimama. Huku kwetu mwanamume hapandi paa la mjane ambaye hajamrithi.

"Amekulazimisha?"

"Hapana. Watoto wananyeshewa, dada. Ningemwita nani?"

Nyumbani nimekaa nikitazama paa langu mwenyewe, nalo limeanza kuoza.

Kwa miaka tulihangaika kumsihi chifu atoe tangazo hili, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kujifunza kuezeka.