Mguu Wangu wa Heri

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mimi nimezaliwa na bahati, wallahi. Si bahati ya kuokota — ni bahati ya mwilini, ya mguu wa kulia. Nikiingia uwanjani na mguu huu, Nyuki wa Mtopanga hawafungwi. Tangu wapande ligi sijaona kwa macho yangu timu yangu ikipoteza. Hata mara moja! Nani mwengine Kisauni nzima anaweza kusema hivyo?

Leo mbili bila. Walikuja kunichukua kwa bodaboda kama bwana harusi, nikaacha karai na viazi vyangu vya kuuza kwa mke wangu, Mwanatumu. Kapteni akaleta mpira mpya, nikaugusa kwa kidole gumba cha mguu, ndipo wakaenda kupasha misuli. Jukwaani nina kiti changu, na kahawa, na kashata. Bonface — mtu wa bara, kuli wa bandarini, jirani yangu — anasema hata kocha haheshimiwi hivi. Nikamwambia mimi nimekuwa mpishi wa meli, nimetazama mpira Santos, Karachi na Antwerp, na kote huko timu niliyoipenda ilishinda. Akauliza kama na ile meli ilikuwa na timu, au ilikuwa inakimbia chakula changu. Mshenzi yule! Nilicheka mpaka kahawa ikanipanda puani.

Jumapili, 14 Septemba

Intisar amekuja na habari. Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu, mimi na Mwanatumu tumemlea tangu hana meno ya mbele. Sasa anasoma umeme chuoni, kule Changamwe, na ni kipa wa timu ya wasichana. Ana hijabu yake, suruali yake ndefu, glavu kama za muoka mikate. Wameingia fainali ya vyuo!

Sijapata kwenda kumtazama. Mara viazi, mara Nyuki, mara goti. Hajawahi kulalamika. Leo alikaa mkekani akaniomba niende, Jumamosi ya tarehe 27. Kumbe wenzake wote wameshasikia habari za mguu wangu. Anasema kila mechi huingia na hofu. Ile nusu fainali mpira ulimpita katikati ya miguu, na japo walishinda, chakula hakikushuka. "Ukiwepo, ami, hatufungwi."

Nikamwambia mwanangu, kombe limeshakuwa lenu, tafuteni kabati la kuliweka. Akanibusu mkono. Mwanatumu alikuwa anachambua mchele. Alinitazama tu juu ya miwani.

Jumatano, 17 Septemba

Viazi vimeungua. Mara mbili. Nimewaambia wateja ndivyo wanavyovila Karachi.

Jumamosi, 20 Septemba

Nyuki na Magogoni. Tumefungwa tatu! Lakini si mbele yangu. Lilipoingia la kwanza nikakumbuka Alasiri, nikatoka. Msikitini jamaa walishamaliza. Nikaswali peke yangu, nikakaa barazani nikimtazama paka, mpaka niliposikia kelele za uwanja zimeisha.

Jioni mashabiki wakaja kwenye karai langu wamenuna. Na makosa ni ya nani? Yangu! Eti mimi Khatibu nilitoka, ndiyo maana tukafungwa. Bonface anataka nifungwe kamba kwenye kiti. Wengine wameamua mechi ijayo watandike mkeka wa kuswalia palepale jukwaani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona Khatibu akitoka huwa tumeshafungwa tayari. Hata tukipoteza, mimi napanda cheo! Nikacheka nao, nikawaongezea ukwaju.

Halafu nikamkumbuka mtoto. Kicheko kikakauka.

Alhamisi, 25 Septemba

Intisar amekuja na mpira. Tumefanya mazoezi uani, goli ni kamba ya nguo kutoka mpapai hadi choo. Mimi mpigaji! Nimepiga, ndala imekwenda pamoja na mpira, ndala ikafunga goli, mpira ukaingia kwa jirani. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

Alipopumzika akaniambia jambo. Kipa, anasema, ndiye pekee asiye na wa kumtazama. Wenzake wote wamempa mgongo. Akifungwa, anayemwona ni yule aliyemfunga tu, tena anashangilia. "Jumamosi wewe kaa nyuma ya goli langu, ami. Nikifungwa nitageuka nikutazame."

Nikamwuliza kwani si nimesema hamfungwi?

Akasema ndiyo, lakini iwapo.

Ana vidole vya baba yake. Virefu, na kile kidogo kimepinda. Nikamletea maji ya ndimu.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwambia Mwanatumu goti limeanza tena. Na mawingu siyapendi. Na Changamwe siku hizi foleni. Yeye anapiga pasi kanzu yangu nyeupe. Alipomaliza akaitundika mlangoni, akasema, "Bwana, kesho usitoke."

Usitoke! Nikajifanya sikuelewa. Akasema miaka yote hii ya ndoa hajapata kuniona nikimaliza picha ya Kihindi. Mama wa stelingi akianza tu kukohoa, mimi nakwenda kununua njugu. Na njugu zenyewe sirudi nazo.

Basi anajua. Siku zote anajua, na siku zote ananipigia pasi.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika nje ya geti la uwanja wa chuo. Ndiyo, nje.

Nilikaa nyuma ya goli lake kama alivyotaka, kanzu inameremeta, Bonface kushoto kwangu. Intisar akaingia, akanipungia glavu. Mwanzo alidaka — alidaka jamani! Kuna mmoja wa juu aliuchomoa vichwani mwa watu kama nazi, wasichana wa chuo wakapiga vigelegele, nikamwambia kila aliye karibu kwamba yule ni wangu. Hata wa timu ile nyingine niliwaambia.

Kisha kona, na goli. Moja. Akageuka, akaniona, nikamwonyesha dole gumba. Hatujakaa vizuri, la pili. Katikati ya miguu, vilevile! Nikaona mabega yake yanashuka, nikajua sasa atageuka. Sikuweza. Nikamwambia Bonface nakwenda kununua maji. Chupa nzima ilikuwa mbele yangu, hata kifuniko hakijafunguliwa.

Mlinzi wa geti anaitwa Tsuma, mzee wa Kigiriama. Anachungulia ndani huku anatafuna muwa. Nimemwuliza kuna nini, mbona kimya. Anasema penalti, wanapiga wale wengine. Mmoja ameumia, anafungwa bandeji, wanangoja. Halafu akasema, "Huyu kipa wenu hatazami mpira. Anatazama viti. Amepoteza mtu?"

Mkono unaandika kwa sababu miguu haitaki. Tsuma ameiangalia kanzu yangu, akaangalia uwanjani, akaacha kutafuna. Amelisukuma geti, amelishika.

Nimerudi. Sijui nimefikaje. Kiti changu kipo, Bonface alikiwekea kofia yake. Yule aliyeumia ndiyo kwanza anatolewa. Intisar alikuwa bado ameukabili upande huu, na mpira uko nyuma yake. Ameniona. Hakupunga. Alinitazama, kwa muda, na mimi nikamtazama, sikuinamisha uso. Kisha akaiweka hijabu sawa, akapiga glavu kofi moja, akanipa mgongo.

Bonface ananinong'oneza eti tumepona, mguu umerudi. Nimemwambia mguu huu hauna kitu, yakhe, ni mguu tu. Anacheka, anadhani ni mzaha wangu. Simlaumu.

Naandika bila kutazama daftari, ndiyo maana maandishi yanakwenda kombo. Macho yako kwake. Mpigaji anarudi nyuma. Refa ameweka filimbi mdomoni. Intisar amepanua mikono, na kutoka huku nyuma anaonekana mdogo sana.

Bahati sina. Sijapata kuwa nayo. Nyuki wamefungwa mara tele, mimi nilikuwa nje.