Sindano ya Zamzam na Jicho la Mzee Dishon

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Septemba 1998 ulipotuacha ukiwa kwenye kiti chako dukani, kitambaa cha kufutia miwani kikiwa bado mkononi. Moyo ulisimama tu. Macho tuliyoyahofia sote hayakuhusika hata kidogo, na hilo bado linatuuma.

Ulikuwa fundi wa miwani hapa Kisumu kwa miaka thelathini na mmoja. Ubao wa herufi hukuuamini. Kila mteja, awe mkubwa wa ofisi kutoka Milimani au mama wa kuanika dagaa wa omena kutoka Asembo Bay, ulimpa sindano na uzi. "Tunga," unamwambia, halafu unamkodolea macho kama askari wa mpakani. Aliyeshindwa hakuondoka bila chai.

Ndiyo maana siku Zamzam alipojichoma kidole kwa cherehani, mwaka 1996, hukula mchana kutwa. Zamzam, fundi wa nguo uliyepakana naye barazani, alikuwa amevaa miwani uliyomsagia wiki iliyotangulia. Yeye aliilaumu cherehani. Wewe uliomba miwani eti uipanguse, ukaipima kwa siri, ukakuta lenzi ya kulia umeikosea. Ulisaga nyingine, ukaipachika, ukanyamaza.

Jicho lako lilikuwa na ukungu na hukumwambia mtu. Ndugu yako Zadock alianza hivyo hivyo, akaishia gizani kwa sababu sehemu ya nyuma ya macho yake ilikufa. Uliogopa, Baba. Sasa tunajua.

Binti yako Apiyo, aliyekuwa akisomea mambo ya macho Marekani, alikugundua kwa barua zako: mistari ilikuwa inapandana. Ulipomtembelea Agosti 1997, alikuombea nafasi kwenye mashine mpya ya chuo chao. Ilikuwa na kioo kidogo kinachojikunja hapa na pale mpaka kifute kasoro za jicho la mtu, ili kamera ipenye hadi nyuma na kupiga picha ya chembe zinazopokea mwanga. Walikupa asubuhi moja tu. Kesho yake ulikuwa na ndege.

Ilibidi uume kipande cha nta ili kichwa kisitikisike. Picha ya kwanza ikatoka ukungu mtupu. Ya pili hivyo hivyo. Kufikia ya tatu, nayo ukungu, Apiyo alikuwa ameshika kalamu kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi, maana alijua kwamba chembe zikikosekana, yeye ndiye atakayekuambia. Profesa wake akasema kwa upole kwamba inatosha.

"Nyara, binti yangu, anasema nini?"

"Anasema tuache, Baba. Kichwa kinatikisika."

"Si kichwa. Ni meno. Mwambie haya sita ya chini yalitolewa kwa mila, si kwa ngumi. Leta hiyo nta."

Uliikanda kwa vidole gumba, ukaijaza kwenye pengo, ukaipunguza kwa kucha, ukaijaribu, ukaipunguza tena, namna ulivyozoea kukalisha lenzi kwenye fremu. Kisha ukauma. Hakuna aliyesogea.

"Usimeze mate, Baba. Kidogo tu."

Ukungu. Ukungu. Halafu kioo kikajikunja, na chembe zikajitokeza kwenye skrini, moja kando ya nyingine, hakuna pengo. Apiyo alijaribu kuzihesabu akashindwa.

"Ziko, Baba! Nyuma kuko salama. Kasoro iko mbele tu."

Ulikuwa bado umeuma nta. Chozi lako likaharibu picha iliyofuata.

Wakakuacha uchungulie kupitia kioo kile. Uliomba waweke sindano. Uliliona tundu lake, ukacheka peke yako. Lakini mashine ilijaza chumba kizima na haikuwa ya kuuzwa, na hakuna miwani ya kawaida ambayo ingekuonyesha tundu lile tena.

Uliporudi ulikwenda kwa Zamzam kabla hujafungua sanduku.

"Mama, kile kidole ni mimi. Si cherehani."

"Mzee Dishon, mimi nashona. Ulibadilisha kioo ukadhani sitajua?"

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

Tangu siku hiyo alikusomea vipimo, nawe ukasaga, mpaka mwisho.

Unakumbukwa na mkeo Rosa. Na watoto wako pacha, Apiyo na Adongo. Na ndugu yako Zadock, ambaye tumemsomea maneno haya kwa sauti akataka tuyarudie. Na Zamzam wa barazani.

Picha ya jicho lako iko ukutani dukani. Wateja huuliza kama ni mayai ya samaki. Macho yako tuliyafumba kwa mikono yetu wenyewe, Baba, lakini hilo la ukutani bado linatutazama kila tunapomwambia mtu, "Tunga." Hatutakusahau kamwe.